Maonyesho ya Tapu

Kwetu Biharamulo bomba liliitwa bomba. Kile kichwa chake cha kufungulia na kufungia maji kiliitwa koki, na mambo yakaishia hapo. Neno tapu nililikuta kambi ya Benaco, kule Ngara, miaka ile ya wakimbizi, nilipoajiriwa na shirika moja la maji kusimamia foleni za madumu. Huko kila mtu alisema tapu: Mhangaza, Mnyarwanda, Mzungu, dereva, hata padri. "Tapu ya juu imekauka!" "Nani tena wanapigana tapuni?" Mimi nilikuwa msimamizi, na akina mama wa foleni waliniita Mama Tapu. Sikuwa na mtoto hata mmoja. Nilikuwa na filimbi tu shingoni.

Kazi ile niliipenda, tena niliipenda kweli. Nilikuwa nimeachika, nimerudi kwa baba, na kabla ya Benaco kutwa nzima nilikuwa dukani kwake napima vitambaa. Duka lilikuwa kwenye njia ya kupandia boma la Mjerumani, kwa hiyo kila anayekwenda ofisini lazima apite kwetu. Mteja anachukua kitambaa chake, anachukua chenji yake, halafu ananipa pole. Pole ya nini? Mwanamume mwenyewe alikuwa anakoroma hata akiwa macho! Tapuni hakuna aliyenipa pole. Watu walikuwa na yao makubwa, wamevuka mto na watoto mgongoni, wamepoteza ndugu njiani. Walichotaka kwangu ni maji yatoke na foleni isirukwe, na mimi niliweza kuwapa hayo. Jioni nilikuwa nimechoka, sauti imekauka, na moyo umetulia.

Baba hakupenda. Babu yake alitoka Pangani na mizigo ya watu, akafika Biharamulo, akaoa, hakurudi tena pwani. Lakini baba aliishi kama mtu aliyeteremka garini jana. Ukisema "kurara" badala ya "kulala" mbele yake, anakunja uso kana kwamba umemkanyaga kidole. Binti yake kukaa kambini, mbali na nyumbani, anapuliza filimbi mbele ya halaiki? Astaghfirullah. Ruhusa alinipa shingo upande, na kila mwisho wa mwezi nikirudi nyumbani nilimkuta amepata sababu mpya ya kuitengua.

Nieleze pia habari ya mama, maana bila yeye hadithi haikamiliki. Mama alikuwa amefariki miaka michache kabla ya wakimbizi kuja. Alikuwa na jozi ya mitalawanda, vile viatu vya mbao vya watu wa pwani vya kuendea msalani na kutawadhia, na ua wetu ulikuwa wa saruji. Basi mama akitoka chumbani, mtaa mzima unajua. Ko, ko, ko. Baba alikuwa akisema haoni haja ya kumwangalia mkewe usoni, hali yake anaisikia. Ikiwa polepole, kuna amani. Ikiwa ya haraka, baba anashika kitambaa cha karibu na kujitia anakikunja, hata kama kimeshakunjwa. Ilipokwisha arobaini, baba aliiondoa mitalawanda ile mlangoni mwa msala, akatununulia sote kandambili za mpira. Hakuna aliyethubutu kuuliza ameipeleka wapi. Nyumba yetu ikawa kimya, na nilikuwa sikipendi kimya kile.

Haya, turudi tapuni. Mhandisi wetu alikuwa dada wa Kizungu, mrefu, mwekundu wa jua, anayesema Kiswahili cha kuokoteza. Alipougua malaria nilimuuguza kwenye hema lake, nikamlisha uji kwa kijiko huku akiniita kwa jina la paka wa kwao. Alipopona aliwasimulia nyumbani kwa simu ya upepo, na mama yake akaapa kwamba lazima anione. Siku moja dada huyo akaja tapuni anakimbia, buti zimejaa tope.

"Mama yangu anaita wewe Uingereza!" akaniambia. "Ndege yeye analipa. Na anapeleka wewe kuona onyesho ya tapu!"

"Onyesho la nini?"

"Tapu! Kubwa sana! Ya zamani sana! Hata bibi yangu aliona!"

Nikatazama tapu yangu, inavuja ubavuni, imezungukwa na madumu ya njano. Nikasema moyoni, kweli Wazungu wana mambo. Lakini sikushangaa sana. Sisi si tulikuwa na Sabasaba, watu wanasafiri kwenda kutazama majembe na mahindi makubwa? Basi wao wana maonyesho ya tapu. Na kama hata bibi yake aliyaona, hayo ni maonyesho yenye heshima zake.

Baba nilimwambia hivyohivyo, kwa moyo mweupe kabisa.

"Maonyesho ya mabomba?" akauliza.

"Ya mabomba, baba. Kama Sabasaba, ila mabomba matupu."

Akafikiri. Baba alikuwa ndiye mtunza birika la msikiti, na koki ya mahali pa kutawadhia ilikuwa inadondosha maji kutwa kucha na kumwondolea usingizi. Nikaona uso wake unafunguka taratibu. Jioni hiyohiyo alikuwa barazani anawatangazia wazee kwamba binti yake ameitwa Ulaya kwa ajili ya elimu ya maji. Kufikia Ijumaa habari ilikuwa kwamba nimeitwa na serikali ya kule. Wazee wakaniagiza koki ya shaba ya msikiti, ya Kiingereza, isiyojua kuvuja.

Usiku wa kuamkia safari aliniita. "Mwanangu, nimeshasema mbele za watu. Ukirudi utakaa pale barazani uwaeleze wazee ulichokiona na ulichojifunza. Kikiwa cha maana, utaendelea na Benaco yako, sitatia neno tena. Kikiwa cha upuuzi, ile filimbi utaivua, utarudi dukani. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, baba."

Nilijibu haraka, hata sikumeza mate. Kuna upuuzi gani kwenye bomba?

Mwenzangu wa tapuni, mama mmoja wa Mugoma, Mkatoliki wa kufunga Kwaresima mpaka viatu vinampwaya, naye alikuwa na ombi. "Ukifika huko," akasema, "uangarie kama nao wanapanga foreni. Wakipanga, urudi utuambie. Tutajisikia vizuri."

Safari yenyewe siisimulii sana. Basi mpaka Mwanza, ndege, halafu ndege nyingine, halafu baridi iliyonikuta mlangoni mwa uwanja kama mwenye deni. Mama wa mhandisi alinipokea. Alikuwa mzee, mfupi, nywele nyeupe pee. Nikampigia goti kidogo, "Shikamoo mama." Akafurahi mno, akajibu, "Jambo!" Nikaipokea. Mtu anajibu kwa alichonacho.

Siku ya maonyesho ilikuwa mchana, nikashukuru Mungu, nikaswali Adhuhuri mapema. Nilivaa gauni refu na mtandio mpya na viatu vyangu vilivyofungwa, maana kwenye maonyesho ya mabomba lazima pana tope. Tulipofika nikaona watu wamepanga foleni nje, foleni nzuri, haina anayesukuma wala anayeruka. Nikamkumbuka mama wa Mugoma, nikaweka akilini.

Lakini ndani! Zulia jekundu mpaka ukutani, taa za vigae vya kioo, malaika wa dhahabu darini wanapuliza tarumbeta. Nikajiuliza matangi watayaweka wapi. Tukaonyeshwa viti. Changu kilikuwa kimejikunja, nami nikakikalia hivyohivyo juu ya ukingo, nikawa nimekaa juu kuliko watu wote kama shehe kwenye mimbari. Bwana wa nyuma yangu akakohoa. Mama mwenyeji akanivuta mkono, akakikunjua, nikatumbukia. Nikajitia hamnazo, nikatengeneza mtandio.

Pazia likafunguka. Hakuna bomba.

Wakatoka vijana, wanaume na wanawake, wamevaa suti na magauni mafupi yanayometameta, wakaanza kucheza. Nikatulia kabisa. Nani asiyejua? Kwetu hakuna shughuli yoyote, iwe ya chanjo, iwe ya kufungua choo cha shule, isiyoanza na ngoma. Wachezaji wanamlaki mgeni rasmi, mgeni rasmi anaketi, zinafuata risala, ndipo unaonyeshwa kitu chenyewe. Nikasema wenzetu nao wana ustaarabu uleule, ila wachezaji wao wana kelele za miguu. Nikawapigia makofi. Wakacheza tena. Nikawapigia tena. Wakacheza juu ya ngazi, wakacheza juu ya meza, kijana mmoja akacheza na kinara cha kuning'inizia makoti. Kulikuwa na hadithi fulani, mwanamume anataka kuposa, na kila akifungua mdomo kuposa, miguu inamtoroka. Nikaanza kumwonea huruma mgeni rasmi, wapi alipokwama.

Pazia likafungwa, taa zikawaka, watu wakainuka kununua askirimu. Nikamgeukia mama mwenyeji. Kiingereza changu kilikuwa cha sekondari, lakini kilitosha.

"Mama, mgeni rasmi anafika saa ngapi?"

"Nani?"

"Mgeni rasmi. Wa kufungua. Ili watuonyeshe tapu."

Akanitazama. Mimi nikamtazama. Nikamwonyesha kwa mkono, hivi, kufungua koki na maji yanatoka. Mama wa watu akaweka askirimu yake chini, na nikaona mabega yake yanaanza kutikisika. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, bwana wa nyuma akainama kuuliza kama anaumwa. Halafu akavua kiatu chake, palepale ukumbini, akanigongagonga soli na kisigino kwa ukucha. Wachezaji wale, akanieleza, viatu vyao vina vibati vya chuma chini. Vibati vile ndivyo vinavyoitwa tapu. Onyesho la tapu ni ngoma. Ni ngoma mwanzo mpaka mwisho, hakuna kinachokuja baada yake.

Nilicheka na mimi. Nani angejizuia? Nilicheka mpaka nikamshika mkono. Kisha nikamwona baba barazani, na kicheko kikakatika.

Ya Rabi! Nimevuka bahari, nimetangazwa msikitini, wazee wamekaa wanangoja elimu ya maji, na nilichokiona ni wasichana wenye mapaja wazi wakirukaruka juu ya meza! Nikiita hiyo upuuzi, nimekwisha. Nikiita elimu, nimekwisha zaidi. Nikaiona filimbi yangu inaning'inia kwenye msumari wa dukani, na wateja wanaingia mmoja mmoja na pole zao. Ilinijia mpaka fikira ya kudanganya. Nimeyajua mabomba vya kutosha, ningeweza kuwasimulia wazee habari za mabomba mpaka adhana ya Magharibi na hakuna ambaye angenikamata. Nikaanza hata kuyapanga: hapa kulikuwa na la shaba, pale kulikuwa na la miguu mitatu.

Pazia likafunguka tena nami sioni mbele.

Basi ilikuwa katikati ya nusu ile ya pili. Wapiga muziki wakanyamaza wote. Taa ikabaki moja. Akatoka mwanamke peke yake, mtu mzima, si msichana, amevaa gauni la kawaida tu la nyumbani. Katika hadithi alikuwa mama wa bwana harusi, nadhani, anamngoja mtu asiyekuja. Hakuimba. Akatembea kutoka upande huu mpaka ule, polepole, na viatu vyake vikasema: ko. Ko. Ko-ko. Halafu mguu mmoja ukawa unaburutwa kidogo kabla ya kukanyaga: shaa-ko.

Nywele zilinisimama. Nilikuwa sijui kwamba naujua mlio ule. Nilikuwa nimeusikia kila alfajiri ya maisha yangu nikiwa bado nimejifunika shuka, mama anatoka msalani anakwenda kutawadha, na mimi najua muda umebaki wa kulala kidogo tena. Mama alikuwa ananipitia mlangoni pangu. Nililia, jamani. Nililia na kamasi juu, mtandio mpya wote ukalowa, na mama mwenyeji, ambaye alikuwa amejaa kicheko bado, akaacha kucheka na kunishika bega. Hakuuliza. Nampenda mpaka leo kwa kutouliza.

Siku ya kuondoka nilikumbuka koki. Nilimweleza mama mwenyeji kwamba siwezi kurudi bila bomba, hata moja. Yule mama akachukua spana, akatoka bustanini, akafunga maji, akang'oa koki ya kumwagilia maua yake, ya shaba, nzito, na kunipa imefungwa gazeti. "Sasa," akasema, "umeona tapu." Ningemkatalia, lakini ningekwenda na nini?

Nilifika Biharamulo nimechoka, vumbi mpaka kwenye kope. Kesho yake, baada ya Alasiri, wazee walikuwa wamejaa barazani kwetu, wamenyoosha kanzu zao. Baba alikuwa amevaa kofia ya Idi. Aliponiita nilikuwa bado sijaamua nitasema nini. Nikaamkia, shikamoo zote zikaitikiwa, nikatoa koki. Ikapita mkono kwa mkono. Mashallah, mashallah. Mzee mmoja aliipima uzito, akaitikisa sikioni.

"Sasa tueleze," baba akasema. Sauti yake ilikuwa na fahari, na ndiyo iliyonimaliza. Yale mabomba ya kutunga yakanitoka kichwani yote.

"Baba, mabomba hayakuwapo."

"Hayakuwapo?"

"Wenzetu wana neno moja lenye maana mbili. Mimi nilichukua ile ya Benaco. Kumbe walikuwa na maana ya ngoma."

Mzee wa koki akaacha kuitikisa.

"Ngoma," baba akasema.

"Ngoma ya viatu. Viatu vina chuma chini, wanavipigisha sakafuni. Ndicho nilichokwenda kukiona, hakuna kingine." Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, mwingine akadakia, kicheko kikaenea kama maji ya dumu lililopinduka. Mimi mwenyewe ningecheka, lakini nilikuwa namtazama baba. Hakuwa na hasira. Alikuwa ameaibika, na hilo ndilo nililokuwa naliogopa kuliko hasira. Nikasema haraka, kabla sijakosa pumzi, "Mmoja wao alikuwa anatembea kama mama. Na mitalawanda yake. Wallahi, baba, nimemsikia mama."

Baba akainuka. Akaingia ndani. Wazee wakatazamana, wakakusanya bakora zao, wakaniaga kwa upole, mmoja baada ya mwingine. Na wa mwisho, ndiyo, akanipa pole.

Nikabaki naokota vikombe vya kahawa. Nilikuwa nimeshaanza kuiaga tapu yangu moyoni, na foleni yangu, na yule mama wa Mugoma na foreni zake. Ndipo nikasikia mlango wa ua. Baba alisimama pale ameshika kifurushi cha kanga kuukuu, kanga ya mama ya rangi ya zabibu. Akakiweka juu ya saruji, akakifungua. Mbao zilikuwa zimepakwa mafuta, zinang'aa. Haikuwa kazi ya siku moja ile. Miaka yote ile alikuwa anaipaka mafuta.

"Vaa," akasema.

Nikavaa. Akaketi kwenye kigoda cha kutawadhia, akanipa mgongo. "Tembea."

Nikatoka mlangoni mwa msala kwenda kwenye pipa la maji. Ko, ko, ko.

"Siyo. Unakwenda kama askari. Tena."

Nikarudi. Ko, ko, ko-ko.

"Wa kushoto uburute kidogo. Aliteguka ndoa yetu ikiwa changa, hakupona sawasawa."

Nikauburuta. Shaa-ko. Baba akainamisha kichwa. Hakusema siyo tena. Alinitembeza ua mzima, kwenda na kurudi, na kuku wakakimbilia chini ya tenga. Miguu iliniwaka moto, lakini sikusimama mpaka aliponyoosha mkono.

Akajifuta uso kwa kofia ya Idi. "Hilo ndilo ulilokwenda kuliona?"

"Ndilo hilo, baba."

"Ile koki haitaingia kwenye bomba la msikiti. Nyuzi zake ni nyingine, nimeshaitazama." Akajikohoza. "Tutaifunga kwa mpira wa baiskeli."

"Sawa, baba."

Akasimama, akaokota kanga, akaikunja vizuri ingawa ilikuwa imeshakunjika. "Gari la Ngara ni kesho asubuhi, usichelewe. Hiyo mitalawanda usiende nayo kambini, iache hapa mlangoni mwa msala. Mwisho wa mwezi ukija uivae, nijue kuna mtu nyumbani."